Moja kwa Kumi na Mbili

Zege hili nililimwaga mimi,
mwaka ule kokoto za Ng'apa zilipopanda bei.
Ndoo kwa ndoo, kutoka lango la bustani
hadi pale Lukuledi inapotanuka
na maji yake kuanza kuonja chumvi.

Injinia alikuwa binti, Asumini,
viatu vyake vina tope kuliko vyangu.
Alishika pimamaji kama mtu aliyebeba yai.
"Fundi Nangumbi, mwinuko huu mkali.
Kwa kila inchi moja ya kupanda,
nipe kumi na mbili za kwenda. Vunja."
Nikavunja. Moyoni nikatukana.
Mifuko mizima ya saruji
ili mtu asipande ngazi mbili?
"Kwa ajili ya nani?" nikamuuliza.
Akasema, "Yule atakayekuja."
Nikadhani anamsema mgeni wa mkoa.

Leo Jumamosi, alasiri,
yule wa kuja amekuja.
Mkono wa kulia umelala mapajani kama samaki wa jana,
mguu nao umemfuata mwenzie.
Mjukuu wangu Mfaume anasukuma kiti,
kiti cha msaada, gurudumu moja linalia
kama kifaranga kilichopotea.

Langoni nikakaza meno, nikisubiri kunyanyuliwa,
maana mjini nanyanyuliwa kama gunia la korosho:
benki ngazi tatu, zahanati ngazi tano,
msikitini wananivua viatu kwanza, ndipo wanibebe.
Hapa hakuna aliyenigusa.
Kiti kilipanda polepole
kama maji yanavyojaa bila kumwambia mtu.
"Moja kwa kumi na mbili," nikasema.
"Unasemaje, babu?"
Ulimi siku hizi mzito. Nikauacha.

Tulimkuta Bi Somoe na goti lake bovu.
Kila benchi anakaa, anamenya ming'oko miwili, anakula, anainuka.
"Daktari kaniambia nitembee," akasema,
"hakuniambia nikimbie."
Kijana mmoja asiyeona alipita akiburuza vidole
juu ya lile bomba la kushikia
ambalo siku fulani, njaa ilipobana,
nilikaribia kuliuza.
Chini, kwenye tope la mikoko,
kaa mdogo alituinulia gando lake moja kubwa.
Jingine, la kulia, lilikuwa dogo, halina kazi.
Tukatazamana, mimi na yeye.

Kisha, ta!
Kiti kikakwama, nikaenda mbele,
Mfaume akanidaka ukosi wa shati.
Kati ya bamba la kumi na tisa na la ishirini
zege limeinuka upana wa kidole.
Si mizizi. Si mvua.
Ilikuwa siku ya mwisho, saruji imebaki nusu mfuko,
Asumini kaenda msibani Nachingwea,
nami nina harusi ya kuwahi.
Nikasema, kidole kimoja, nani ataona?

"Nani kajenga ovyo hivi?" Mfaume akauliza.
Nikatazama mto.
Mto haukunisaidia.

Jumamosi iliyofuata nilipakata patasi na nyundo,
nimezifunika kwa kanga ya marehemu mke wangu.
Mlinzi akataka kibali.
Nikamwonyesha pembe ya bamba la kwanza,
pale nilipoandika jina kwa msumari
zege likiwa bado bichi.
Akalisoma. Akanisoma mimi. Akasogea.

Mfaume akapiga magoti.
Nikainama kitini, patasi mkono wa kushoto,
yeye akashika nyundo.
"Nimejenga mimi," nikamwambia.
Safari hii alinisikia.
Hakusema kitu, alipiga tu,
vumbi jeupe likaturukia wote wawili,
na Bi Somoe amesimama pembeni na ming'oko yake,
anasubiri tumalize apite.